Mchezo wa Kuigiza kwa Nauli ya Mwanafunzi

Walimu wetu wapendwa, ndugu wanafunzi, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja hapa, asalaam aleikum na hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya namna wanafunzi wa mji huu wa Mombasa wanavyoweza kutazama michezo ya kuigiza kwa bei wanayoimudu, ikiwemo ile ambayo wengi huiona iko mbali nao, yaani ya Kihispania na ya kimajaribio, inayojaribu namna mpya za kuigiza. Nitakalolitetea ni kwamba kiingilio huamuliwa mapema sana, siku ile mwelekezi anapochagua tamthilia na namna ya kuiigiza, na kikundi kinachosubiri hadi wiki ya kuuza tiketi ndipo kianze kufikiria punguzo kwa wanafunzi huwa kimeshachelewa.

Tuanze na hesabu ya mwanafunzi mwenyewe. Anayekaa Likoni huvuka kwa feri bila malipo akiwa kwa miguu, lakini ng'ambo ya pili kuna matatu inayomsubiri. Anayekaa Mtwapa au Mikindani, onyesho likimalizika saa tatu na nusu usiku, hulipa nauli iliyokwisha kupanda au hupanda bodaboda kwa bei anayoitaka dereva, na akiwa ni binti, nyumbani hakuna atakayemruhusu. Kwa hiyo mchezo wa usiku wenye kiingilio cha nusu bei unaweza kumgharimu zaidi ya mchezo wa jioni wenye bei kamili. Mimi ningependekeza Jumamosi, baada ya swala ya Alasiri, na watu wawe wameshatawanyika kabla ya Magharibi. Saa mbili na zaidi zinatosha, na tamthilia isiyoenea katika muda huo basi na ipunguzwe.

Wenzetu wa New York, ambako kumbi za Kihispania zimeota mizizi, wana mbinu nyingine. Wao wanajua kwamba kiti kisichouzwa ni kama samaki asiyenunuliwa hadi jua likachwa: pazia likishafunguliwa, thamani yake imekwisha. Mwaka 1996, mchezo wa muziki uitwao Rent ulipohamia Broadway, penye kumbi kubwa za biashara, viti vya safu za mbele kabisa viliuzwa kwa dola 20 siku ile ile ya onyesho, na vijana wakapanga foleni ndefu kuvipata. Ukumbi wa La MaMa, ambao Ellen Stewart aliuanzisha mwaka 1961 katika chumba cha chini ya ardhi na ambao umelea tamthilia nyingi za kimajaribio za Marekani, umewahi kutenga tiketi kumi za dola 10 kwa kila onyesho. Nao Repertorio Español, ulioanzishwa mwaka 1968 na Gilberto Zaldívar na René Buch, huweka michezo kadhaa kwa zamu katika jukwaa moja, hupokea wanafunzi wa shule kwa maonyesho ya mchana, na asiyejua Kihispania hupewa tafsiri ya Kiingereza. Nazisifu mbinu hizi, ila zinamhitaji mtu mwingine anayelipa bei kamili au mfadhili wa kudumu, na sisi hapa kisiwani, tukiiondoa Little Theatre Club na kumbi chache za kukodi, hatuna hata ukumbi unaoigiza kila usiku ambao tungeuomba utupunguzie.

Kwa sababu hiyo mfano unaotufaa zaidi uko Uhispania kwenyewe. Mwaka 1932 serikali ya Jamhuri ililipia kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu kilichoitwa La Barraca, chini ya uelekezi wa mshairi Federico García Lorca na mwenzake Eduardo Ugarte, kizunguke vijijini na katika miji midogo kikiigiza bila kiingilio. Waigizaji hawakulipwa, walivaa ovaroli za buluu kama mafundi, walibeba jukwaa lao katika lori, wakalijenga na kulibomoa wenyewe. Wala hawakuwapelekea wanakijiji vichekesho vyepesi kwa kuwadhania kuwa hawataelewa, bali waliwaigizia Cervantes, Calderón na Lope de Vega, waandishi wakubwa wa Uhispania ya kale. Huku kwetu wazo hilo si geni, kwani tangu mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walizunguka Afrika Mashariki na michezo isiyo na kiingilio, mingine ikiwa ya Kiswahili. Mwaka huo huo, huko California, Luis Valdez alianzisha El Teatro Campesino katikati ya mgomo wa vibarua wa mashamba ya zabibu, na jukwaa lao lilikuwa mgongo wa lori. Mwigizaji alivaa kibao shingoni kilichoandikwa yeye ni nani, tajiri au mgomaji, na gharama ya maleba ikaishia hapo. Hilo nalo lilikuwa jaribio la kisanaa, na lilizaliwa na ukata.

Sasa niwape mfano wa kazi ambayo ningeichagua kwa Mombasa. Lorca aliimaliza La casa de Bernarda Alba, yaani Nyumba ya Bernarda Alba, mwezi Juni 1936, akauawa mwezi Agosti, na mchezo ukaigizwa mara ya kwanza mwaka 1945 mjini Buenos Aires. Bernarda amefiwa na mumewe, na anawatangazia binti zake watano kwamba nyumba itakaa matanga kwa miaka minane, milango na madirisha yamefungwa. Hadhira yetu, inayojua kwamba eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na kwamba haimhusu binti wa marehemu, haitahitaji mhadhiri wa kuieleza kwamba mama huyu amevuka mpaka, itanong'ona yenyewe. Wote wanaoonekana jukwaani ni wanawake, na Pepe, mwanamume ambaye mabinti wanagombana kwa ajili yake, haonekani hata mara moja, jambo ambalo litawatuliza wazazi wasiopenda mabinti zao waigize na wavulana. Lorca alitaka kuta nyeupe na mavazi meusi. Kuta nyeupe Mji wa Kale hazikosekani, mabuibui yamo katika kila nyumba, na viti vitaazimwa kwa jirani. Taa hazihitajiki kabla ya Magharibi.

Lipo pia suala la mrabaha, yaani malipo ya mwenye haki ya kazi, ambalo vikundi vingi hulikumbuka wakati fedha zimeshatumika. Sheria ya Kenya hulinda haki ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kufa kwake, na hata Uhispania, yenye muda mrefu zaidi, kazi za Lorca zimekuwa huru tangu mwaka 2017. Tafsiri ya Kiingereza iliyochapishwa inaweza kuwa na mwenyewe, kwa hiyo tukipitia Kiingereza huenda tukalipa. Tukifasiri moja kwa moja kutoka Kihispania hatudaiwi na mtu. Na wanaosoma Kihispania tunao, wengi wao kwa ajili ya kazi ya kuongoza watalii, ambao hadi leo hawajatumiwa kwa lolote zaidi ya kuonyesha njia ya Fort Jesus. (Ngome hiyo yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya Felipe II, mfalme wa Uhispania aliyekuwa ameshika pia taji la Ureno, enzi zile zile za Lope de Vega.)

Wapo watakaosema kwamba michezo ya kigeni au ya kimajaribio itawachosha wanafunzi. Watoto wetu wa sekondari wamesoma tamthilia za Brecht wa Ujerumani na Ibsen wa Norwe katika vitabu teule na hawakuzimia. Said Ahmed Mohamed alitupa Amezidi mwaka 1995, tamthilia ya kibwege, yaani inayoonyesha maisha kama upuuzi usio na mantiki, yenye wahusika wakuu wawili, Ame na Zidi, na nimeona vijana wakiicheka kwa uchungu kabla mwalimu hajawaeleza maana yake.

Ningependa onyesho la Bernarda liwe la Kiswahili, isipokuwa tukio moja, lile la María Josefa, mama mzazi wa Bernarda, anayetoroka chumbani mwake akiimba, ambalo libaki katika Kihispania na msimulizi akae pembeni bila kulifasiri. Mchezo una vitendo vitatu, yaani sehemu kuu tatu. Wanafunzi wa Kihispania mlio humu nawaomba msiondoke baada ya maswali, ili tugawane vitendo hivyo na kukubaliana ni nani atakayeanza na kipi. Sasa nayapokea maswali yenu.