Protoni inasimama wapi? Mnisikilize mpaka kwenye makamasi

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Poa. Leo ni tiba ya saratani kwa protoni, zile chembe za ndani ya kiini cha atomu, tunazirusha kwa kasi zisimame kwenye uvimbe. Angalieni grafu ukutani, inaonyesha nishati inayoachwa kila kina cha mwili, huo mstari mwekundu ni eksirei za matibabu, kilele chake kiko karibu na ngozi halafu zinapungua taratibu mpaka zinatokea upande wa pili wa mtu. Wa bluu ni protoni. Yenyewe inaingia kimya kimya, kadiri inavyochoka ndo inazidi kumwaga nishati, mwishoni inamwaga kwa fujo halafu kwisha habari yake. Hicho ndo kilele cha Bragg. Ipe MeV 150 (hicho ni kipimo cha nishati) ndani ya maji itasimama kwenye sentimita 16 hivi, ipe 200 inafika kama 26.

Sasa mgonjwa hajapanda hata kitandani, tunajuaje itasimama wapi? Tunacheza kamari. Sitanii, mbinu yenyewe inaitwa Monte Carlo, jina la kasino kule Monaco. Programu kama Geant4 inashika protoni moja, inaisogeza kidogo, inachomoa namba ya bahati nasibu kuamua imepinda au imegonga kiini cha atomu, inaandika nishati iliyoachwa hapo, inasogeza tena mpaka isimame, halafu inaleta nyingine, mamilioni. Robert Wilson, yuleyule aliyependekeza protoni kwa tiba mwaka 1946, mwaka 1952 alifanya hesabu za aina hii kwa kuzungusha gurudumu la bahati, mionzi ikipita kwenye madini ya risasi. Uvumilivu gani huo!

Leo kompyuta inazungusha, ila kwa kuwa ni bahati nasibu grafu inatetemeka, na ukitaka itetemeke nusu ya sasa unahitaji protoni mara 4, sio mara 2, ndo maana watu wanalilia mashine kubwa. Mi naona tatizo lenyewe halipo hapo. Programu inalishwa picha za CT, zile zinazoonyesha mwili vipande vipande, na CT inapigwa kwa eksirei, so kila tishu tunakadiria itaizuia protoni kiasi gani. Wengi wanaacha nafasi ya makosa ya kama asilimia 3.5 ya umbali, yaani kwenye sentimita 20 ni milimita 7, na mbele yake labda kuna uti wa mgongo.

Halafu mtu kapigwa CT ana mafua, matundu ya pua yamejaa makamasi. Wiki ya tatu kapona, mle ndani hewa tupu, protoni inapitiliza hadi kwenye ubongo. Kompyuta haikukosea, ilipiga hesabu ya pua ya wiki ile, so unamrudisha CT unaanza upya.