Jivu la Makaa ya Mawe na Ajuvanti za Zege

Mabibi na mabwana, mafundi na wanafunzi wa Lubumbashi,

Jivu ninalolizungumzia leo silo lile la makaa ya jikoni. Ni vumbi laini mno linalonaswa kwenye moshi wa mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe. Chembe zake nyingi ni za mviringo, ndiyo maana zege hulainika kwa maji machache. Kisha, kwa wiki na miezi, jivu huungana na chokaa inayoachwa na simenti, zege likazidi nguvu. Kwa kuwa hupunguza pia joto la simenti, jivu hili lilitumika katika bwawa la Hungry Horse huko Montana, Marekani, lililokamilika mwaka 1953.

Taabu inaletwa na kaboni isiyoungua, ambayo hunyonya ajuvanti, yaani dawa inayotiwa kidogo kwenye zege kubadili tabia yake, hasa ile ya kutia hewa (viputo vidogo vinavyolinda zege na barafu), kabla haijafanya kazi yake. Kiwango cha Marekani cha ASTM C618 huruhusu jivu la daraja F lipoteze hadi asilimia 6 ya uzito linapochomwa tena, na kinachopotea hasa ni kaboni hiyo. Mimi siridhiki na namba hiyo peke yake, kwa sababu majivu mawili yenye kaboni sawa kwa uzito huweza kunyonya kwa namna tofauti kabisa.

Ninachokiamini zaidi ni kipimo cha chupa. Tia simenti, jivu na maji, kisha dondosha ajuvanti tone kwa tone huku ukitikisa. Mwanzoni povu hupasuka papo hapo. Kaboni bado ina kiu. Hesabu matone mpaka povu litulie juu ya maji, na urudie kila shehena mpya inapofika. Ukibaki na dozi ya jivu chafu wakati limeletwa jivu safi, hewa itafurika, na kila asilimia moja ya hewa iliyozidi hupunguza nguvu kwa takriban asilimia 5.

Kwetu hapa, ambako barafu haivunji zege, nahofia zaidi ajuvanti ya kuchelewesha, maana jivu lenyewe huchelewesha zege kuganda. Julai moja ya baridi, kwenye shantiye (eneo la ujenzi) iliyobaki na dozi ya joto la Oktoba, niligusa dari asubuhi na kidole kikazama. Tangu hapo nadai mchanganyiko wa majaribio, kwa jivu, simenti na ajuvanti zilezile, katika baridi ileile.

Someni pia mfuko kabla ya kuongeza jivu: simenti iliyoandikwa CEM II/B-V tayari ina asilimia 21 hadi 35 ya jivu hilo.