Kang'atwa, Kapelekwa Semina

ZUHURA: Karibuni tena kipindini, mimi ni Zuhura. Niko na kaka Baraka, na leo kaja na daftari. Nikiliona hilo daftari najua hatutoki hapa mapema.

BARAKA: Tutatoka tu, dada. Nimelileta kwa ajili ya mada: watu wanaohudumia watu. Wahudumu wa nyumba za wenye ulemavu, vituo vya watoto wenye usonji, makao ya wazee. Wanaumia vipi, wanafundishwaje, wanafika wapi kikazi. Mimi upande wangu ulikuwa mafunzo, na kwa miaka mingi nilikuwa naharibu.

ZUHURA: Basi tuanze na uharibifu wako.

BARAKA: Hapana, tuanze na mkono wako.

ZUHURA: (anacheka) Haya. Wasikilizaji hamwoni, ila hapa juu ya kiwiko nina kovu. Nilikuwa mhudumu wa zamu ya usiku kwenye nyumba moja, sitaitaja. Asubuhi moja namsaidia kijana kupiga mswaki, akaning'ata mpaka nikashonwa. Fomu ya ajali ikajazwa. Chanzo: "mhudumu hakufuata utaratibu." Hatua iliyochukuliwa: "apewe mafunzo upya." Wiki iliyofuata nikawekwa semina siku nzima nikisomewa utaratibu ambao nilikuwa nimeukariri zamani.

BARAKA: Ulikuwa unaujua kweli, au unajitetea?

ZUHURA: Ningekusomea nikiwa usingizini. Vaa vikinga vya mikono, simama ubavuni, mwonyeshe mswaki kabla hujausogeza, akigeuza uso mpe muda. Sasa sikiliza. Vikinga vilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo anao msimamizi wa mchana. Kumpa muda ni robo saa nzima, na saa moja na nusu gari liko nje. Ukilichelewesha gari unasemwa mbele ya wenzako. Ukiharakisha hakuna anayekuambia kitu. Mpaka siku ukishonwa.

BARAKA: Unaona, daftari ningeliacha nyumbani. Uchambuzi wa tabia unaanzia hapo hapo: nini kilitangulia, mtu alifanya nini, na nini kikafuata. Kwa yule kijana, kila mtu pale alikuwa anajua kuuliza hivyo. Kabla hajang'ata, mswaki umesogea. Baada ya kung'ata, mswaki umeondoka. Tunasema hang'ati kwa ubaya, kung'ata kunamfaa. Lakini zamu yako ilipofika kuchambuliwa, utatu huo ukawekwa kabatini, likatolewa neno "uzembe".

ZUHURA: Au "hana wito". Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

BARAKA: Kana kwamba mwenye wito hahitaji ufunguo wa stoo.

ZUHURA: Lakini kaka, kuna wazembe. Tusijifanye.

BARAKA: Wapo. Ila ukimwita mtu mzembe, utafanya nini kesho asubuhi ambacho hukukifanya jana? Hakuna. Ukisema "kuharakisha kunamwepusha na lawama papo hapo, na kusubiri kunamletea lawama papo hapo", umepata mahali pa kushika. Jeraha liko mbali na si la uhakika, linaweza lisitokee hata mara moja kwa mwezi. Lawama ni ya leo, na ni ya hakika. Yeyote akiwekwa hapo ataharakisha. Hata mimi mwenye daftari.

ZUHURA: Kwa hiyo semina zote ni bure?

BARAKA: Hapo ndipo nisipopenda kuzidisha chumvi. Mwaka 2013, James Carr, David Wilder na wenzao walitoa orodha ya maswali ya kumsaidia msimamizi kuchunguza kwa nini kazi haifanyiki inavyotakiwa kwenye huduma kama hizi. Maswali yako mafungu manne. Je, mtu amefundishwa? Je, ameelezwa wazi kinachotakiwa, na kuna kitu cha kumkumbusha? Je, ana vifaa, na mpangilio wa kazi unamruhusu? Na la nne: akifanya anapata nini, asipofanya anapata nini, kazi yenyewe ni nzito kiasi gani, na kuna kazi gani nyingine inayomvuta wakati huo huo?

ZUHURA: Mimi nilikuwa fungu la tatu na la nne. Wakanipa dawa ya fungu la kwanza.

BARAKA: Barabara. Lakini katika jaribio lao la kwanza kwenye kituo cha watoto wenye usonji, shida ilikuwa vyumba vya kufundishia havisafishwi. Wakauliza maswali, majibu yakaonyesha wafanyakazi hawajafundishwa vya kutosha na hawapewi mrejesho. Wakajaribu kwanza tiba ambazo orodha haikuzielekeza, yaani kufafanua majukumu na kuleta vifaa zaidi vya usafi. Hazikusaidia. Walipofundisha na kuwaonyesha wafanyakazi grafu ya utendaji wao, vyumba vikasafishwa. Kwa hiyo pale mafunzo yalikuwa dawa. Kwako yalikuwa sumu ya kupoteza siku.

ZUHURA: Sawa, hilo nalikubali. Maana mimi ningesema leteni vifaa kila mahali.

BARAKA: Ndiyo hatari ya mtu aliyewahi kunyimwa ufunguo.

ZUHURA: (anacheka) Sasa tuje kwenye uharibifu wako. Umekwepa vya kutosha.

BARAKA: Nilikuwa na slaidi themanini. Siku moja nzima, chai katikati, jioni cheti. Mtihani wa kuchagua jibu, karibu wote wanafaulu. Halafu napita wiki mbili baadaye nakuta hakuna hata mmoja anayesimama ubavuni. Mafunzo ya stadi yanayofanya kazi yana hatua nne, na hayana siri: mweleze, mwonyeshe, mwache afanye mbele yako, mwambie alivyofanya. Hizo mbili za mwisho unazirudia mpaka afikie kiwango mlichokubaliana. Mimi nilikuwa naishia ya kwanza.

ZUHURA: Na cheti unatoa.

BARAKA: Na cheti natoa! Mwaka 1977 Stokes na Baer waliandika juu ya watu wa aina yangu. Njia hiyo waliiita kwa maana ya "funza, kisha tumaini". Unamfunza mtu mahali pamoja, unatumaini atayafanya mahali pengine. Nilipobadilika, nilifupisha hotuba ikawa dakika ishirini, muda uliobaki tukawa tunafanyiana. Mmoja anaigiza mkazi anayevuta nywele, mwingine anajinasua. Mwanzoni watu wazima wanaona aibu, wanacheka. Ukiwaacha wacheke raundi mbili, ya tatu wanakuwa makini. Na muhimu kuliko yote, nikaanza kuwafuata kwenye zamu yenyewe. Ukumbini hakuna gari linalosubiri nje.

ZUHURA: Kuna jambo nataka niliseme kabla halijanitoka. Baada ya kung'atwa, mimi nilibadilika. Si kwa ajili ya semina. Nilianza kumkwepa yule kijana. Mswaki nilikuwa naupitisha mara mbili, basi. Kufunga vifungo, ambavyo tulikuwa tunamfundisha, nikawa namfungia mwenyewe. Na yeye akatulia. Wote tukawa na amani, na kila mtu akasema Zuhura anamwelewa sana.

BARAKA: Duh.

ZUHURA: Nilisifiwa kwa hilo, ujue.

BARAKA: Hilo limepimwa. Mwaka 1991 Edward Carr na wenzake, huyu ni Carr mwingine, si yule wa orodha, waliwapa watu wazima watoto wa kufundisha. Watoto waliokuwa na tabia ngumu walifundishwa kidogo kuliko wenzao. Na walipofundishwa, watu wazima walielekea kwenye yale mambo yasiyozusha vurugu. Sisi tunadhani tunamfundisha mkazi, kumbe na yeye anatufundisha. Kila ukipunguza dai, anatulia, na utulivu wake ndio tuzo yako. Unapunguza tena.

ZUHURA: Na miezi sita baadaye hajui kufunga kifungo hata kimoja.

BARAKA: Ndiyo maana siwezi kutenganisha usalama wa mhudumu na haki ya mkazi. Mhudumu anayeogopa hafundishi. Anapita tu.

ZUHURA: Tuseme nimekuwa msimamizi leo. Naanzia wapi? Na usiniambie bonasi kwa wasioumia, maana niliiona. Mwisho wa robo mwaka bila majeruhi, kila mtu anapata kitu kidogo. Watu wakaanza kuficha. Mwenzangu mmoja alivaa mikono mirefu wakati wa joto wiki mbili.

BARAKA: Hiyo bonasi iliimarisha kitu kimoja tu, ukimya. Usihesabu majeraha peke yake. Ni machache, yanachelewa, na yanafichika. Hesabu vitendo. Vikinga viko mkononi au haviko? Kasimama ubavuni au mbele? Kuna mama mmoja, Judi Komaki, pamoja na wenzake, mwaka 1978 walichapisha kazi waliyofanya kwenye kiwanda cha mikate. Si huduma kama zetu, lakini sikiliza. Waliandika orodha ya vitendo salama, wakapita kuangalia, wakabandika grafu ukutani kila mtu aione. Idara moja ilipanda kutoka asilimia 70 hivi ya vitendo salama hadi 96, nyingine kutoka 78 hadi 99. Walipoondoa mrejesho, ikashuka ikarudi kule kule.

ZUHURA: Hiyo ya kushuka ndiyo inayonifundisha. Kwetu bango lilibandikwa mara moja, likakauka jua.

BARAKA: Bango linatangulia tendo tu. Lisipofuatwa na kitu, watu wanaacha kuliona.

ZUHURA: Lakini nina wasiwasi. Mtu anapita na karatasi ananiangalia nikihudumia, mimi naona upelelezi. Tena kwenye kazi ambayo mshahara wake wenyewe unaujua.

BARAKA: Na ni haki yako kuona hivyo, ikiwa karatasi inatoka tu siku ya kukukemea. Kwangu mimi kuna masharti. Orodha itungwe na wanaofanya kazi yenyewe. Majina yasiandikwe, hesabu iwe ya zamu nzima. Na wahudumu ndio waangaliane, si bosi. Alvero na Austin walionyesha mwaka 2004 kwamba mtu anayepewa kazi ya kuangalia vitendo salama vya mwingine, yeye mwenyewe anaanza kuvifanya zaidi. Kwa hiyo karatasi inamsaidia anayeishika. Kuhusu mshahara, sina la kupamba. Mrejesho haulipi kodi ya nyumba. Mtu akitumia sayansi hii kukwepa kulipa watu, anatumia kisu kukaza skrubu.

ZUHURA: Watu wengi wanaondoka kwenye kazi hizi. Na anayebaki akawa hodari, anapandishwa cheo, anakuwa msimamizi mbaya. Tumemwona huyo kila mahali.

BARAKA: Kwa sababu kumpigisha mtu mswaki na kumsimamia anayepigisha mswaki ni kazi mbili. Ya pili hakufundishwa. Anapewa ofisi, ratiba na funguo. Basi anasimamia kama alivyosimamiwa, kwa kukemea. Zile hatua nne zinamhusu naye: mwonyeshe jinsi ya kutoa mrejesho, mwache ajaribu, mwambie. Na mrejesho wenyewe utaje tendo. "Hongera, umefanya vizuri" haina kitu ndani. "Alipogeuza uso ulishusha mkono, ukangoja" ina kitu ndani.

ZUHURA: Na ngazi ya kupanda ipo? Maana vijana wanauliza.

BARAKA: Kwa Marekani ipo iliyopangwa. Bodi ya vyeti vya wachambuzi wa tabia ilianzishwa 1998, na mwaka 2014 ikaleta cheti cha fundi wa tabia, kinachoanza na mafunzo ya saa 40, tathmini ya vitendo na usimamizi unaoendelea. Juu yake kuna mchambuzi mwenyewe, mwenye shahada ya uzamili. Lakini kuna mlango ambao wengi hawauoni: kwenda kuchambua mahali pa kazi penyewe. Tawi hilo lina jarida lake la kitaalamu tangu 1977. Na ningependa wanaoingia humo wawe waliowahi kung'atwa.

ZUHURA: (anacheka) Sifa ya kujiunga.

BARAKA: Ndiyo, waonyeshe kovu. Halafu dada, hukunimalizia. Ule ufunguo wa stoo uliwahi kuhamishwa?

ZUHURA: Ulihamishwa. Vikinga vikatundikwa pale pale mlangoni mwa bafu.

BARAKA: Baada ya semina yako?

ZUHURA: Baada ya msimamizi wa mchana naye kung'atwa.