Kalenda ya Chuo na Kalenda ya Korosho
(Mhadhara kwa wazazi na wanafunzi wa kidato cha sita, Mtwara mjini)

Shikamooni wazee wangu. Wanangu, hamjambo?

Miaka 24 nilifanya kazi katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Wengi hudhani ni kazi ya kugawa vyumba vya hosteli na kusuluhisha ugomvi. Mimi kila mwaka, usajili ukifungwa, nilikuwa nauliza: nani alichaguliwa na hayupo hapa?

Swali hilo nilitoka nalo usichana wangu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, sisi wa kusini tulivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na mvua ikinyesha basi lilikwama tukalala njiani. Unafika chuoni umechelewa, una matope hadi magotini, mwenzako anakupokea: "Machinga, umetuletea nini?" Jina la watu wa Lindi, watu wenye kwao, limekuwa jina la kila anayetembeza bidhaa mjini. Uchuuzi ni kazi halali na siudharau hata kidogo. Kilichoniuma ni kwamba alishaniamulia nilichofuata mjini.

Sasa nisikilizeni kwenye hili la kalenda. Dirisha la maombi ya mkopo hufunguliwa katikati ya mwaka. Wazee, mnajua miezi hiyo mkorosho unadai nini: salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, mashine, vibarua wa kupuliza. Hela inatoka tu. Minada inaanza Oktoba, malipo ya stakabadhi ghalani, yaani korosho hukaa ghalani hadi ziuzwe mnadani, yanamfikia mkulima baada ya hapo, na chuo kimeshafungua, kinataka ada ndipo kimsajili mtoto.

Mwaka mmoja, katika chuo nilichokuwa, kikao kilitaka kuwafutia nafasi wote waliochelewa kujisajili. Mjumbe mmoja akasema sheria ni msumeno. Nikaomba orodha, nikaisoma kwa sauti, wilaya baada ya wilaya, zote za korosho: Tandahimba, Newala, Masasi, Liwale, tena Tandahimba. Nikawaambia msumeno unakata mbele na nyuma, huu wetu unakata upande mmoja. Tulibishana hadi jioni. Wakaruhusiwa kulipa kwa awamu hadi minada iishe, na hakuna alama ya mtihani iliyoshushwa kwa ajili ya mtu yeyote.

Nasisitiza hapo kwa sababu huwa naambiwa natetea upendeleo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kijana akimaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Sharti moja kwa wote. Lakini kijana wa kiume alipokuwa kazini akingoja zamu yake, dada yake alikuwa anaolewa na kuzaa. Wasichana wakapungua chuoni, na baada ya muda mfupi serikali ikawaondolea sharti hilo. Nani atasema walipendelewa?

Binti mmoja wa Newala aliingia ofisini kwangu na mfuko wa rambo, enzi hizo haijapigwa marufuku. Akatoa vitu kimoja kimoja juu ya meza: cheti cha shule, kadi ya kliniki iliyofifia hadi tarehe ya kuzaliwa ilisomeka kwa kuelekezwa dirishani, na barua ya mtendaji wa kijiji. Baba yake alifia nyumbani, akazikwa siku ileile, cheti cha kifo hakuna aliyekifuata. Kwa hiyo kwenye maombi yake ya mkopo baba alikuwa hai. Mtoto yatima kabisa, karatasini ana baba wa kumlipia.

Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ili mtoto kama huyo asome. Tulihangaika naye miezi mingi, wilayani, RITA wanakosajili vizazi na vifo, mahakamani kwa hati ya kiapo. Mkopo aliupata mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza alikula mlo mmoja kwa siku, na hilo sijalisahau.

Wazee wangu, dirisha la mwaka huu bado halijafunguliwa. Mwenye mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, au aliyefiwa na hana cheti cha kifo, asingoje msimu wa salfa. Nitakaa pale barazani hadi saa kumi na moja jioni, na nimekuja na kalamu. Njooni na mifuko yenu kama ilivyo.