Fuwele Inayopima Uzito wa Gesi

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari zenu.

Mpiga ngoma yeyote anajua kwamba msimu wa mvua ngozi hunywa unyevu, mlio ukawa mzito, na kabla ya kupiga sharti ngoma iote moto. Shikeni picha hiyo.

Hiki mkononi mwangu ni kisahani cha fuwele ya kwatsi, yale madini yanayoitwa quartz kwa Kiingereza, unene wake theluthi ya milimita. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele za namna hii zikibanwa hutoa umeme. Nazo zikipewa umeme hujikunja, na hivyo kisahani hiki hutetemeka mara milioni 5 kwa sekunde. Mwaka 1959 Mjerumani Günter Sauerbrey akaeleza jinsi mitetemo inavyopungua kwa kadiri ya uzito kinaoubeba. Ukipungua mtetemo mmoja tu kwa sekunde, kimeongezewa takriban nanogramu 18 kwa kila sentimita ya mraba. Nanogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara bilioni!

Lakini kwatsi tupu haina pua. Pua tunaipaka sisi: utando mwembamba wa polima, yaani kitu cha jamii ya plastiki na mpira. Mvuke wa thina au petroli huingia humo kwa kadiri ulivyo hewani. Ukizidi nje, huzidi na ndani. Tunahesabu mitetemo iliyopungua, tunapata mkolezo, yaani kiasi cha mvuke kilichomo hewani. Hewa safi ikirudi, mvuke hutoka na mitetemo hupanda tena.

Sasa lililonileta hapa: maji. Polima nyingi hunywa maji kama ile ngozi ya ngoma, na fuwele haijui kama uzito iliobebeshwa ni wa maji au wa petroli. Asubuhi ya masika Dar es Salaam, kifaa cha kupima gesi chenye fuwele hii kinaweza kutangaza gesi isiyokuwepo. Wengi huweka fuwele ya pili isiyopakwa kitu, wakatoa tofauti. Inasaidia kwa mabadiliko ya joto, nakubali. Maji yaliyomo ndani ya utando haiyagusi, kwa kuwa yenyewe haina utando wa kuyanywa. Nawasihi mnaounda vifaa hivi: pimeni unyevu kando, au ikausheni hewa kabla haijafika kwenye utando, na mvirekebishe vifaa kwa hewa ya mahali vitakapokaa. Kuna fundi atakayeshuka ndani ya tangi la mafuta akiiamini namba hiyo.

Namba iliyoko ukutani ni ya mitetemo ya kisahani hiki, na chumbani hamna gesi. Nakipulizia pumzi yangu. Tazameni inavyoshuka.