Betri Ikichoka, Nani Aibebe?

Wakubwa zangu shikamooni. Mafundi wenzangu, wanafunzi, na akina mama wenye maduka ya sola, asanteni kwa kuja.

Nianze na N70, ile betri ya maji ya gari na sola, maana hapa Arusha hakuna asiyeijua. Ikishachoka kuwasha taa kule Monduli au gari hapa Ngarenaro, inauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa chakavu. Nimesimama mtaa wa Unga Limited nikaona inavyofanywa. Inapinduliwa, maji yake yanamwagwa mtaroni, ganda linapasuliwa kwa shoka, kisha sahani za risasi, yale madini mazito yenye sumu, zinachomolewa kwa mikono mitupu huku watoto wakicheza pembeni. Maji yale ni asidi yenye chembe za risasi, na mvua ikinyesha hayabaki mtaroni. Sisi tunakula mchicha unaomwagiliwa kwa maji ya mto Themi! Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto inamharibu ubongo. Majirani wa kiwanda cha kuyeyusha betri kule Owino Uhuru, Mombasa, walishinda kesi ya sumu ya risasi mwaka 2020, wakaamuriwa kulipwa shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hela hizo haziwezi kumrudishia mtoto akili yake.

Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mpya ya betri mwaka 2023. Kuanzia Februari 2027 betri ya gari la umeme itatakiwa kuwa na pasipoti ya kidijitali, yaani kumbukumbu ya taarifa zake mtandaoni, na kuanzia Agosti 2031 asilimia 85 ya risasi kwenye betri mpya ya gari itoke kwenye taka, kama betri kuukuu. Mimi kinachonigusa zaidi ni kwamba anayeiingiza betri sokoni ndiye anayebeba gharama ya kuikusanya.

Sisi Tanzania tuna Sheria ya Mazingira ya 2004 na kanuni za taka hatarishi za 2021. Lakini fundi anayelipwa kwa kilo atamkimbilia anayemlipa leo. Ndiyo maana nataka amana, kama ya chupa ya soda: mteja aiache dukani anaponunua, arudishiwe akileta betri nzima, maji yakiwa ndani, na mwagizaji alazimishwe kuichukua.

Betri za lithiamu nazo zinakuja na pikipiki za umeme. Msizitoboe, wala msizichanganye na za risasi, zinawaka moto.

Wenye maduka, msisubiri sheria. Betri kuukuu zisimamisheni wima kwenye beseni la plastiki, chini ya paa, na kabla ya kumuuzia mtu mwombeni kwanza awaonyeshe kibali chake cha taka hatarishi.