Punguza gharama za boda na gari za apu Kampala, hatua kwa hatua

Haya jamani karibuni, shikeni simu mkononi kabisa maana leo tunafanya pamoja, mimi nafanya hapa kwenye skrini na wewe unafanya huko uliko. Tunaangalia jinsi ya kupunguza hela unayolipa kwenye boda na gari za apu hapa Kampala, na msimamo wangu nautoa mapema: hela yako nyingi haipotelei kwenye kilomita, inapotelea pale ulipoiweka pini, yaani ile alama ya kwenye ramani inayomwonyesha dereva pa kukuchukua, saa uliyobonyeza, na zile dakika dereva yuko getini anasubiri na wewe bado unatafuta viatu. Hivyo vyote unaviweza mwenyewe bila kumbembeleza mtu.

Tuanze na apu zenyewe. Usiwe mtu wa apu moja, tafadhali sana. SafeBoda walianza na boda hapa Kampala 2014, Uber wakaingia 2016, Bolt wakaja wakati ule wakiitwa Taxify, halafu inDrive, Faras na wengine, na kila moja inapiga hesabu yake kulingana na madereva ilionao karibu na wewe dakika hiyo, ndio maana safari ile ile unakuta bei mbili tatu tofauti. Weka angalau tatu, zipakue ukiwa kwenye waifai usimalize bando. Na nyinyi mnaokuja kutoka Kenya kupitia Busia au Malaba, ama Kongo kupitia Mpondwe, jueni apu inataka ile meseji ya namba za siri, kwa hiyo hakikisha laini yako inapokea meseji kabla hujashuka kwenye basi, mambo ya kuanza kujisajili umesimama barabarani na begi saa kumi na moja alfajiri hayana raha.

Sasa fungua ya kwanza, andika unakotoka, andika unakokwenda, usibonyeze kuagiza bado. Angalia bei, na angalia dereva yuko dakika ngapi. Toka, fungua ya pili, andika vile vile, kisha ya tatu. Ni dakika moja tu. Na hapa kuna kitu wengi hawakioni, ona hii orodha ya magari, apu mara nyingi inakuwa imekuchagulia tayari, na si lazima iwe imekuchagulia ile ya bei ya chini, kwa hiyo vuta orodha yote mpaka mwisho ndio uchague. Kama uko peke yako na begi dogo gari kubwa la nini.

Haya, tunafika kwenye pini, na hapa nitakaa kidogo maana ndiko kwenye hela.

Simu ikijitafutia mahali ulipo inakosea, hasa ukiwa ndani ya jengo. Mfano uko Acacia Mall pale Kisementi, uko ndani, simu inakuweka upande wa nyuma au barabara nyingine kabisa, dereva anafuata pini, anazunguka kwenye ile jamu, anakupigia "nimefika", humuoni, wewe huku yeye kule, dakika zinahesabiwa na hasira juu. Kwa hiyo usiiamini ile nukta ya bluu. Kuza ramani kwa vidole viwili hivi, uone barabara, kisha iburute pini mwenyewe mpaka pale utakaposimama kweli. Mimi hapo ningetoka nje kabisa nisimame Cooper Road, niweke pini nikiwa nimeshasimama.

Ya pili kwenye pini ni upande wa barabara. Jinja Road pale Nakawa, Banda, Kyambogo, barabara ina pande mbili zimegawanywa katikati, ukisimama upande wa kwenda Kireka na safari yako ni ya mjini, gari litakuchukua kisha liende mbele huko litafute pa kugeukia, na hizo kilomita na hiyo jamu unalipa wewe. Vuka kwanza, kwa usalama, ndio uagize. Jaribu sasa hivi kwenye simu yako, weka pini upande huu usome bei, kisha isogeze upande wa pili usome tena, utajionea mwenyewe.

Na kuna zile sehemu ambazo mguu una njia na gari halina. Namuwongo ni mfano mzuri, kati yake na Industrial Area pale Eighth Street kuna reli, watu wanavuka kwa miguu muda mfupi tu lakini gari lazima lizunguke. Kama ni mchana na mzigo ni mwepesi, vuka na wenzako wanaovuka, agizia upande ambao safari yako inaelekea. Wale wa ndani ndani kama Kisaasi na Kyanja kwenye zile barabara za murram, za udongo bila lami, tembea mpaka steji, yaani kituo cha boda na matatu, dereva anakubali haraka zaidi maana haogopi kuharibu gari kwenye mashimo, na wewe umepunguza umbali. Ila usiku, hapana. Usiku agizia getini kwako hata kama ni ghali kidogo, hapo sibishani na mtu.

Ukishaweka pini mtumie dereva meseji fupi palepale, usingoje apige. Andika kitu kama hiki: "Ssebo niko mbele ya duka la dawa, geti jeusi, upande wa kupanda." Ssebo ni "bwana" kwa Kiganda. Mstari mmoja kama huo unaokoa simu tatu za "uko wapi, uko wapi", na kama ulishawahi kuelekeza mtu Kampala unajua tunaelekezana kwa mti wa muembe na petroli stesheni, jina la barabara hata mwenye nyumba anaweza asilijue.

Tuje kwenye saa. Bei ya apu inapanda pale wanaotaka gari wanapokuwa wengi kuliko madereva waliopo, basi, hakuna uchawi. Mvua ikinyesha Kampala boda wote wanajikinga petroli stesheni na kwenye mabaraza ya maduka, wako hapo hapo wanakuangalia lakini hawachukui mtu, na watu wote wanakimbilia magari, ndio unaona bei imeruka. Msimu wa mvua, Machi mpaka Mei, na Septemba mpaka Novemba, hili litakukuta sana. Mvua ikikatika usikimbilie simu papo hapo kwa sababu kila mtu amebonyeza pamoja na wewe, kunywa chai yako, acha boda warudi barabarani, kisha angalia tena bei.

Vile vile jioni, kuanzia kama saa kumi na moja mpaka saa mbili usiku, na Ijumaa ndio usiseme, Wandegeya, Clock Tower, Jinja Road kote kumefunga. Siku za kufungua na kufunga shule pia zinasahaulika, kila gari lina godoro juu na sanduku la bati nyuma, jiji linasimama. Na tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi, ukienda Namugongo usiagize gari likufikishe mpaka mlangoni, barabara zinafungwa na watu ni bahari, shukia mapema Kireka au Kyaliwajjala umalizie kwa mguu kama mahujaji wengine.

Kama saa yako haibadiliki, yaani lazima utoke kazini saa kumi na moja na nusu, basi gawanya safari. Panda matatu ile sehemu ndefu ya barabara kubwa, halafu apu umalizie kipande cha ndani. Mtu wa kutoka Old Taxi Park, kile kituo kikubwa cha matatu mjini, kwenda Ntinda kisha ndani kabisa, matatu mpaka Ntinda, pale steji unaagiza boda ya dakika chache. Kwenye jamu gari la apu linakuhesabia na dakika, matatu inakaa kwenye jamu hiyo hiyo lakini nauli uliyokubaliana na konda haipandi ukiwa umeketi. Lakini angalia, apu zina bei ya chini kabisa ambayo haishuki hapo hata safari iwe fupi vipi, kwa hiyo kama kilichobaki ni cha kutembea dakika kumi na kuna mwanga, tembea, usilipe bei ya mbali kwa kipande cha karibu.

Mko wangapi? Hili nalo tulifanye kwa hesabu. Boda ya apu ni mtu mmoja, kofia moja, na wasikudanganye mpakatane watatu, maisha hayana spea. Tuseme mko watatu mnatoka Kabalagala kwenda Wandegeya, boda inaonyesha shilingi 4,000 za Uganda kila mmoja, hiyo ni 12,000. Fungua upande wa magari, kama gari dogo linaonyesha 11,000 mmeshapata, mmekaa pamoja, mvua haiwagusi. Kama uko peke yako na ni saa ya jamu boda inashinda karibu kila mara, kwa bei na kwa muda. Na kama mnashuka sehemu tofauti njia moja, usiagize safari mbili, ongeza kituo kwenye safari hiyo hiyo, kuna alama ya kujumlisha pembeni ya unakokwenda, maana kila safari mpya inaanza na malipo yake ya kuanzia.

inDrive nayo ina namna yake. Kule bei unaitaja wewe, dereva anakubali au anakurudishia bei yake, na unaona wote waliojibu, gari lao, alama zao, na dakika walizopo. Jambo hilo lilianzia Yakutsk kule Siberia, 2012, madereva walipandisha bei kwenye baridi kali na watu wakaanza kutangaza mtandaoni bei wanayoweza kulipa. Namna ya kutumia: angalia kwanza bei kwenye apu nyingine mbili, kisha taja kidogo chini ya ile ya chini. Kidogo! Petroli ni ghali, dereva anakatwa kamisheni na kampuni, wengi gari si lao na jioni wana hesabu ya mwenye gari. Ukitaja nusu bei utakaa hapo unatazama skrini hakuna anayejibu, na ukipata wa kujibu ujue naye ana shida, anaweza kufika akaanza kudai zaidi. Taja bei ambayo hata ungekuwa wewe dereva ungewasha gari.

Umeagiza, sasa shuka chini. Usiagize halafu ndio uoge. Dereva akifika kuna dakika chache za bure, zikiisha unahesabiwa, na ukikanseli baada ya yeye kuja mbali unaweza kutozwa pia. Soma namba ya gari au ya boda ilingane na ya kwenye simu ndio upande. Akikwambia "tukanseli apu unilipe mkononi", kataa kwa upole. Najua bei atakayotaja inavutia, lakini ukiacha simu yako kwenye boda au likitokea la kutokea, hakuna rekodi inayoonyesha ulipanda na nani.

Malipo. Tembea na noti ndogo, za 1,000, 2,000 na 5,000. Safari ya 7,000 ukitoa noti ya 50,000 saa moja asubuhi, dereva hana balansi, mtazunguka vibanda kutafuta chenji, na mwisho unasema "baki nayo". Ukilipa kwa mobail mani atakuomba uongeze na hela ya kutolea, na ana haki kuomba maana kutoa kuna ada ya wakala na kodi ya serikali ya asilimia 0.5, kwa hiyo kubalianeni kabla gari halijaondoka. Kama apu yako ina pochi ndani unaweka hela mapema, angalia upande wa ofa, punguzo nyingi zinafanya kazi ukilipia humo tu na si kwa keshi, na soma tarehe ya mwisho maana zile namba za punguzo (promo code) zinakufa kimya kimya.

Wa Entebbe, mnaokwenda uwanja wa ndege, nisikilizeni haraka. Ekspresiwei, ile barabara ya kasi ya Kampala kwenda Entebbe, inatozwa tangu Januari 2022, gari dogo kutoka Busega mpaka mwisho ni 5,000, kwa hiyo muulize dereva mapema anapita ipi na kama hiyo 5,000 imo kwenye bei au iko pembeni. Barabara ya zamani ya Kajjansi hailipishwi ila jamu ya Kibuye na Najjanankumbi inaweza kukukosesha ndege. Kama huna haraka na mzigo ni begi moja, panda matatu ya Entebbe ushukie Kitooro, pale ndio uagize gari la apu, kutoka hapo uwanja wa ndege ni karibu.

Ukifika, kabla hujafunga mlango hakikisha dereva amemaliza safari kwenye simu yake, mwombe akuonyeshe, isije ikaendelea kuhesabu umeshaingia ndani. Kisha fungua historia ya safari, gusa hii ya leo, linganisha bei ya mwisho na ile uliyoiona mwanzo. Ikiwa imepanda sana angalia ile njia iliyochorwa kwenye ramani, kama alizunguka utaona kwa macho. Nenda kwenye msaada ukiwa ndani ya safari hiyo hiyo, andika kwa ufupi, bei niliyoonyeshwa ni hii, niliyolipa ni hii, njia ilikuwa hii, weka na skrinshoti. Fanya siku hiyo hiyo, na usimpe dereva nyota moja kabla hujajua kama kosa lilikuwa lake au ni jamu.